Mtu na Yule Mtu: Somo Juu ya Ruwaza katika Lugha ya Kompyuta

Na Mwanafunzi wa Kidato cha Nne

Bwana Mhariri, naomba nafasi katika gazeti letu la muhula huu nieleze jambo moja la lugha za kompyuta ambalo limetushughulisha sana sisi wa klabu ya kompyuta hapa Igalula. Kwa macho ni jambo dogo: jina moja likiandikwa mahali fulani katika programu, je, jina hilo lapokea kitu au lalinganisha kitu? Lakini mabingwa wa kazi hiyo, watu wazima wenye elimu, walibishana juu yake tangu Juni 2020 mpaka Februari 2021, na mimi nadhani hawakulimaliza. Wazazi wasomao gazeti hili wasiogope. Hesabu humu ni chache, na Kiswahili ni kingi.

Kwanza yafaa tujue maana ya ruwaza. Gari moshi litokalo Dar es Salaam likipita stesheni yetu ya Igalula laenda Tabora, na huko Tabora reli yagawanyika, tawi moja kwenda Kigoma na tawi jingine kwenda Mwanza. Reli ilifika Tabora mwaka 1912, ikafika Kigoma mwaka 1914, na tawi la Mwanza likafika mwisho wake mwaka 1928. Hata kabla ya reli mambo yalikuwa vivyo hivyo. Misafara ya wapagazi iliyotoka Bagamoyo ilifika Tabora, na hapo njia ikagawanyika: wengine wakashika njia ya Ujiji, wengine ya Karagwe na Buganda. Sasa fikiri, msomaji, juu ya mtu asimamaye hapo njia panda. Kazi yake ni kutazama kila mzigo una sura gani, kisha kusema, "Huu huku, ule kule." Hiyo sura anayoitazama ndiyo ruwaza, na hiyo kazi yake ndiyo kulinganisha ruwaza.

Lugha tunayojifunza shuleni ni Python, iliyotungwa na Guido van Rossum, Mholanzi, ikatolewa mara ya kwanza mwaka 1991. Kwa miaka thelathini Python haikuwa na chombo maalumu cha kazi ya njia panda. Mtu aliandika "if" moja, akaandika ya pili chini yake, na ya tatu, mpaka programu ikawa ndefu kama ngazi ya kuezekea. Chombo kipya kilikuja katika toleo la 3.10, lililotolewa tarehe 4 Oktoba 2021. Chaandikwa hivi:

match mzigo:
    case ("asali", idadi):
        peleka_stoo(idadi)
    case ("tumbaku", idadi):
        peleka_ghalani(idadi)
    case _:
        rudisha(mzigo)

Tusome pamoja. Mstari wa kwanza wasema, "Utazame mzigo huu." Wa pili wasema, "Ukiwa ni vitu viwili, na cha kwanza ni neno asali, basi hicho cha pili, cho chote kiwacho, kiite idadi, ukipeleke stoo." Wa nne wasema vile vile kwa tumbaku. Kile kistari cha chini karibu na mwisho maana yake ni "chochote kingine, wala sihitaji jina lake." Ni maandishi mazuri, hayana maneno mengi, na mtu akiyasoma huona sura ya mzigo wenyewe. Nakiri kwamba nilipoyaona mara ya kwanza nilifurahi sana.

Tazama sasa neno idadi hapo juu. Halikuwa na thamani yo yote kabla. Ni kama kikapu kitupu, lapokea lile litakalokuja. Hilo nitaliita jina la kupokea. Lakini neno "asali" limefungwa katika alama za kunukuu, nalo halipokei kitu, lalinganisha. Mpaka hapo hakuna shida.

Shida yaanza pale mtu anapokuwa na jina lililokwisha kupewa thamani, naye ataka kulinganisha na thamani hiyo. Mathalani, mtu wa mabehewa aandika hivi:

KIGOMA = "KGM"
MWANZA = "MWZ"

match behewa:
    case (KIGOMA, idadi):
        unganisha_magharibi(idadi)
    case (MWANZA, idadi):
        unganisha_kaskazini(idadi)

Msomaji ye yote asiyeijua Python atasema maandishi haya ni sawa. Behewa la Kigoma lende magharibi, la Mwanza lende kaskazini. Lakini mashine haisomi hivyo. Kwa mashine, KIGOMA hapo ni kikapu kitupu kama idadi. Likija behewa lenye alama "MWZ", mashine yasema, "Vitu viwili, vizuri, cha kwanza nakiita KIGOMA," na behewa la Mwanza laenda Kigoma. Si hilo tu. Tangu wakati huo jina KIGOMA lenyewe limegeuka, maana yake sasa ni "MWZ". Mstari wa Mwanza hautafikiwa kamwe na behewa la vitu viwili.

Hapa yapasa niwe mwangalifu, maana wako wasemao kwamba mashine itakuonya. Ndiyo, iko hali moja ambayo huonya. Ukiandika "case KIGOMA:" peke yake, kisha ukaweka mstari mwingine wa case chini yake, Python hukataa kabisa kuendesha programu, nayo husema kwamba jina hilo linaifanya mistari ya chini isifikike. Lakini jina likiwa ndani ya ruwaza kubwa zaidi, kama hapo juu, haioni kosa lo lote. Programu yaendelea kimya kimya na kutoa majibu ya uongo. Programu ikianguka, mwenyewe husikia kishindo. Hii haina kishindo.

Pengine mtu atauliza sisi wanafunzi yatuhusu nini mabehewa. Basi nitasema la karibu. Muhula huu klabu yetu imeombwa itengeneze programu ya leja ya stoo ya chakula. Mtunza stoo huandika magunia yaingiayo na yatokayo, na kila aina ya chakula ina alama yake. Badili neno KIGOMA uweke UNGA, badili MWANZA uweke MAHARAGWE, uone matokeo. Gunia la maharagwe laingia, leja yaandika unga. Gunia la chumvi laingia, leja yaandika unga. Mwisho wa juma leja yasema unga umejaa tele na maharagwe hayakuingia hata gunia moja. Wakubwa wataagiza maharagwe, hawataagiza unga. Na sisi tulalao bweni tutakula maharagwe matupu. Tulifanya jaribio hili kwa magunia ya kubuni, kabla programu haijapelekwa stoo, na matokeo yalikuwa hayo hayo niliyoyaandika.

Sasa nije kwenye Kiswahili, kwa maana ndipo nilipopata wazo langu. Mzazi akimwambia mtoto, "Mtu akija, mpe chai," mtoto ajua kwamba ni mtu ye yote. Lakini mzazi akisema, "Yule mtu akija, mpe chai," mtoto ajua kwamba yuko mmoja aliyekwisha kutajwa, na wengine hawahusiki. Neno "yule" ndilo lifanyalo kazi yote. Vile vile kuna tofauti kati ya "nimeona kitabu" na "nimekiona kitabu". Ile "-ki-" ndogo katikati yadokeza kwamba kitabu chenyewe twakijua sote wawili. Lugha yetu humwekea alama yule ajulikanaye, na asiyejulikana humwacha bila alama. Katika mstari wa case, Python haina "yule". Imesema "mtu" na kumwachia msomaji abahatishe.

Wenye kutunga sheria za Python walilijua jambo hili tangu mwanzo. Hapo nieleze kidogo sheria hutungwaje. Mtu akitaka lugha ibadilishwe huandika hoja rasmi, iitwayo PEP, nayo hupewa namba. Ndani yake hueleza shida, dawa yake, na dawa nyingine alizozifikiria akaziacha. Kila mtu anaruhusiwa kuisoma na kuijadili. Zamani mwamuzi wa mwisho alikuwa Guido mwenyewe, lakini mwezi wa Julai 2018 aliacha cheo hicho, na tangu 2019 kuna baraza la watu watano wanaochaguliwa kwa kura.

Hoja ya ruwaza ilitolewa Juni 2020 kwa namba 622. Waandishi wake walikuwa kadhaa, na Guido mmoja wao. Katika andiko la kwanza kulikuwa na "yule" yake: waliweka nukta mbele ya jina. Jina likiandikwa KIGOMA lilipokea, likiandikwa .KIGOMA lililinganisha. Wengi hawakuipenda nukta hiyo, ikaondolewa. Nami siwalaumu sana, maana nukta mbele ya neno ni kitu kidogo mno. Mashine zetu za hapa zina vioo vilivyokwaruzika, na mtu angeweza kuifuta nukta hiyo kwa kitambaa akidhani ni vumbi.

Badala yake waliacha njia mbili. Ya kwanza ni nukta iliyo katikati ya jina. Ukiweka miji yako ndani ya kundi liitwalo Mji, kisha ukaandika Mji.KIGOMA, mashine hulinganisha, haipokei. Ya pili ni kuongeza sharti mwishoni, hivi:

case (mji, idadi) if mji == KIGOMA:

Zote mbili zafanya kazi. Programu yetu ya stoo yatumia ile ya kwanza, kwa hiyo wazazi walale usingizi. Lakini ya kwanza yakulazimisha ujenge nyumba ili upate pa kutundikia kofia, na ya pili yairudisha ile "if" tuliyokuwa tunaikimbia.

Mwezi wa Septemba 2020 hoja ya 622 iligawanywa katika hoja tatu, 634, 635 na 636: moja ya sheria, moja ya sababu, na moja ya kufundishia. Hiyo ya kufundishia yasomeka vizuri hata kwa mwanafunzi wa Kidato cha Pili mwenye Kiingereza cha wastani. Ndipo wakaja wapinzani na mapendekezo yao. Thomas Wouters, katika hoja 640, alitaka alama ya kuuliza itumike pale mtu asipohitaji jina, badala ya kile kistari. Alyssa Coghlan, katika hoja 642, alikwenda mbali zaidi. Katika umbo lake la mwisho hoja hiyo ilitaka kila jina litiwe alama: lipokealo liandikwe kwa "as" mbele yake, na lilinganishalo kwa "==" mbele yake. Kwa njia hiyo hapana jina litakalosimama tupu. Baraza la watu watano lilikata shauri Februari 2021: 634 ikakubaliwa, 640 na 642 zikakataliwa.

Lazima niseme ukweli juu ya upande ulioshinda, kwa kuwa hoja yao ina uzito. Wao wasema, tazama jinsi Python inavyopokea vitu mahali pengine. Ukiandika

mji, idadi = behewa

majina yaliyo kushoto hupokea, na hapana anayelalamika. Ukiandika "for gunia in stoo", neno gunia hupokea. Ruwaza, wasema, ni ndugu ya maandishi hayo, basi na majina yake yapokee vivyo hivyo. Na kwa kuwa kupokea ndiko kunakohitajika mara nyingi zaidi katika ruwaza, kuweka alama kwenye kila jina lipokealo kungeyajaza maandishi vikorombwezo. Hapo nakubaliana nao, na ndiyo sababu siipendi hoja ya Coghlan yote nzima. Mtu akitaka kupokea vitu vinne itambidi aandike "as" mara nne.

Lugha nyingine zilipita njia gani? Prolog, iliyozaliwa Marseille, Ufaransa, mwaka 1972, yatazama herufi ya kwanza. Jina lianzalo kwa herufi kubwa hupokea, na lianzalo kwa herufi ndogo ni kitu kilichokwisha kujulikana. Scala nayo yatazama herufi, ila kinyume chake: herufi kubwa hulinganisha. Katika Python herufi kubwa za KIGOMA ni adabu tu baina ya waandishi, mashine haizijali. Wengine katika klabu walisema, basi Python iige Scala. Mimi nilipinga. Python yaruhusu majina kuandikwa kwa hati nyingi za ulimwengu, na si kila hati ina herufi kubwa na ndogo. Kiarabu hakina. Hati ya Kiamhari ya Ethiopia haina. Kiswahili chenyewe kiliandikwa kwa herufi za Kiarabu karne nyingi, na barua za wafanyabiashara wa njia hii yetu ya misafara ziliandikwa hivyo. Sheria inayowafaa wenye herufi za Kirumi peke yao si sheria ya lugha ya watu wote.

Elixir ndiyo iliyonipendeza. Humo jina tupu hupokea, na ukitaka kulinganisha waweka kijikofia mbele yake: ^kigoma. Ruby nayo ilichukua alama hiyo hiyo katika toleo la 2.7 la Desemba 2019. Hicho kijikofia ni "yule" kamili! Asiyejulikana hana alama, ajulikanaye anayo, sawasawa na Kiswahili.

Basi pendekezo langu ni hili. Python iruhusu, ndani ya mstari wa case, alama ya "==" mbele ya jina, kwa maana ya "yule". Tungeandika:

case (== KIGOMA, idadi):

Ni nusu ya hoja ya Coghlan, nusu nyingine naiacha. Nimechagua "==" na si kijikofia kwa sababu mwanafunzi huijua "==" tangu juma la kwanza, nayo yamaanisha "sawa na". Tena, jambo lililo kubwa kwangu, hakuna programu ya zamani itakayoharibika. Leo ukiandika "==" mahali hapo mashine hukataa, kwa hiyo hapana mtu duniani mwenye programu inayofanya kazi ambayo imeandikwa hivyo. Majina matupu yataendelea kupokea kama yanavyopokea sasa. Kumbuka kwamba watungaji walikuwa waangalifu hivyo hivyo juu ya maneno match na case. Watu walikuwa wamekwisha kuyatumia kama majina katika programu zao, kwa hiyo yakafanywa kuwa maneno maalumu pale tu yanapoanza mstari wa namna hii, na kwingine yakaachwa huru.

Nilipolisoma pendekezo hili katika klabu, msichana mmoja wa Kidato cha Pili aliinua mkono.

"Kaka," akasema, "alama yenyewe ni ya hiari. Mtu akiisahau, si behewa litakwenda Kigoma vile vile?"

Hilo ni swali gumu kuliko yote niliyoulizwa, wala siwezi kulipuuza. Ni kweli. Mtu akisahau "yule" katika Kiswahili, msikilizaji atampa chai mtu wa kwanza atakayetokea. Jibu langu ni kwamba leo mwalimu hana la kumfundisha mwanafunzi ila "usiandike hivyo, zunguka nyuma." Alama ikiwapo, atafundisha "ukimaanisha yule, sema yule," na programu za kukagua maandishi zitaweza kumwuliza mwandishi kila zionapo jina la herufi kubwa lililo tupu, "Je, ulimaanisha yule?" Swali tu, si sheria, kwa hiyo wenye hati zisizo na herufi kubwa hawatadhurika. Dada yule hakuridhika kabisa. Alisema swali hilo lingeweza kuulizwa hata leo, bila alama mpya. Nalo ni kweli pia, ila leo mtu akiulizwa na kujibu "ndiyo", hana pa kuliandika jibu lake kwa wepesi.

Mwalimu wetu wa kompyuta aliuliza jambo jingine: je, ni vizuri lugha kuwa na njia tatu za kusema neno moja? Kwa kawaida Python haipendi hivyo. Nadhani hiyo ndiyo itakayokuwa kikwazo kikubwa kwa baraza, kuliko swali la dada. Mimi naona njia mbili za sasa ni za kuzunguka, na njia ya moja kwa moja ikija zile nyingine zitaachwa zenyewe, kama watu walivyoacha kupita njia ya wapagazi reli ilipofika. Mwalimu alicheka, akasema njia ya wapagazi haikuhitaji kufanyiwa matengenezo na watu wa reli.

Mtu asiyekuwa mmoja wa watunzaji wa lugha haruhusiwi kupeleka hoja peke yake. Ni lazima apate mdhamini, na kwa kawaida mdhamini huyo ni mmoja wa watunzaji. Kabla ya hapo wazo lijadiliwe mbele ya watu. Tumekwisha kuandika sehemu ya shida na sehemu ya dawa, kwa Kiswahili kwanza ili tuelewane, kisha kwa Kiingereza. Sehemu ya pingamizi ndiyo tunayoiandika sasa, na swali la dada limewekwa la kwanza, kwa maneno yake mwenyewe.

Kwa wale watakaopenda kujipima, nawawekea zoezi. Msiiendeshe programu hii mpaka muwe mmekwisha kuandika majibu kwa kalamu:

TABORA = "TBR"
kituo = ("IGL", 40)

match kituo:
    case (TABORA, 40):
        print("Tumefika Tabora")
    case (_, idadi):
        print(idadi)

print(TABORA)

Mistari miwili itatokea kwenye kioo. Andika yote miwili, na sababu ya wa pili, uitie katika sanduku lililo mlangoni pa chumba cha kompyuta kabla ya Ijumaa ya kufunga shule. Wazazi pia wanakaribishwa kujibu. Karatasi zao zaweza kuletwa na watoto wao.